Haki ya Marehemu Mwenye Klabu

Ni desturi yetu kwamba mtu akifa ndimi hufungwa. Aliyekuwa mkali huitwa mwenye msimamo, aliyekuwa bahili huitwa mwangalifu, na aliyekuwa mlevi husemwa kwamba alipenda watu. Sisemi kuwa desturi hii ni mbaya. Marehemu hawezi kujibu, na kumshitaki asiyeweza kujibu ni kumwonea. Walakini liko swali ambalo aghalabu twaliepuka: je, kumnyamazia marehemu ni kumpa haki yake, au ni kumnyima? Na wale aliowaacha nyuma, waliofaidika naye na walioumizwa naye, haki yao iko wapi katika kimya hicho?

Swali hili lilinijia Kahama, katika matanga ya mtu ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa watoto wake wangali hai na hawakunipa ruhusa. Alikuwa mwenye klabu. Klabu yake ya kwanza aliisimamisha Bulyanhulu, wakati machimbo yale yalipokuwa bado mikononi mwa wachimbaji wadogo. Ilikuwa nyumba ya mabanzi na mabati, na sakafu yake ilikuwa udongo uliomwagiwa maji kila jioni ili vumbi lisiinuke. Ndani yake mlikuwa na spika mbili, sanduku la kaseti na taa nne za rangi, na nje palikuwa na jenereta moja. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mji wote ule wa mabanzi na maturubai ukatoweka, na klabu ikatoweka pamoja nao. Yeye alipakia mabati yake katika lori akaenda Kahama, akajenga klabu ya pili, safari hii kwa matofali. Huko alizeeka, na huko alikufa.

Nilikaa jamvini siku mbili nikiwasikiliza waliomjua. Mzee mmoja, aliyepoteza vidole viwili katika duara, alisema: "Pale kwake ndipo nilipojua kwamba na mimi ni mtu. Mchana kutwa nilikuwa chini ya ardhi kama fuko. Usiku nilivaa shati jeupe nikaingia, akaniita bwana." Dereva mmoja alisema kwamba mchimbaji aliyekosa mawe juma hilo hakulala njaa, kwa maana alikula kwa deni, na deni lenyewe pengine lilisahauliwa. Mwingine akasema kwamba Msukuma, Muha, Mkurya na Mhaya walijuana pale kwanza kwa dansi kabla ya kujuana kwa kazi. Watu walicheka, kisha wakafuta machozi. Kila neno lilikuwa jema, nami naamini kwamba kila neno lilikuwa kweli.

Usiku wa pili nilikwenda mekoni kuomba maji ya moto. Palikuwa na mama mmoja akisugua sufuria. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo: "Wanasema vizuri, mwanangu. Mimi nilimuuzia bia miaka miwili Bulyanhulu. Mshahara wa miezi saba sijauona hata leo. Siku tulipofukuzwa alipakia mabati. Sisi hakutupakia." Kisha akarudia sufuria yake. Nilimjibu, "Pole, mama," nikachukua maji yangu nikaondoka.

Hapana budi nimweleze msomaji kwa nini maneno yale yalinichoma. Baba yangu ndiye aliyeitunza jenereta ya klabu ile. Mwaka 1995 nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, baba hakuwa na ada. Mwenye klabu alifungua sanduku lake la fedha mbele yangu, akahesabu noti, akampa baba, wala hakuzidai tena mpaka kufa kwake. Elimu iliyonifikisha katika kurasa hizi ilianzia katika sanduku lile. Na katika sanduku lile, kama mama yule asema kweli, ulikuwamo mshahara wake. Basi mimi si mwamuzi katika shauri hili. Mimi ni mmoja wa wahusika, na msomaji ayapime maneno yangu akijua hivyo.

Yaweza kuulizwa kwanza kama jambo lenyewe lastahili kufikiriwa na watu wa chuo. Mwenye klabu ni nani hata tumjadili? Shinyanga ina marehemu wanaokumbukwa katika vitabu. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na kufa mwaka 1958, jina lake limeandikwa. Hata jiwe moja la rangi ya waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947, la karati 54.5, alilomtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake, lina historia yake kamili. Geita nako habari za dhahabu zimehifadhiwa: mgodi wa kale uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa ulioanza kuzalisha mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Wakia zote zilihesabiwa. Lakini mtu aliyeichimba dhahabu ile, jua lilipokuchwa alikwenda wapi? Alicheka na nani? Fedha yake aliiacha mikononi mwa nani? Mambo hayo hayamo katika hesabu za makampuni. Yamo vinywani mwa watu, na vinywa hufa. Mwenye klabu akizikwa na sifa tupu, sehemu kubwa ya historia ya machimbo huzikwa pamoja naye.

Sasa tuitazame hoja ya kimya. Wenye kuitetea husema kwamba ni wajibu kumsitiri maiti, na dini zetu zatufundisha hivyo. Nami nakubali. Lakini iko tofauti kati ya aibu na deni. Aibu ni ila ya mtu katika nafsi yake: alikunywa kupita kiasi, alijisifu, aliogopa giza. Hiyo ni yake, na afapo yafaa ifunikwe, maana kuifunua hakumfaidii mtu. Deni si lake peke yake. Deni lina watu wawili, na mmoja wao yu hai. Kulifunika deni kwa shuka ya maiti ni kumfunika na aliye hai.

Na wazee wetu waliijua tofauti hii kabla yetu. Katika misiba yetu mzee wa ukoo husimama mbele ya watu akatangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, na mwenye kudaiwa naye na ajitokeze vile vile. Tazama hekima iliyomo. Siku ile ile tunayofunga ndimi juu ya aibu zake, tunazifungua juu ya madeni yake. Hakuna asemaye kwamba mwenye duka anayedai bei ya saruji amemtukana marehemu. Watu husema amemsaidia, kwa sababu marehemu asiyelipiwa deni hulala vibaya. Basi ikiwa deni la saruji latajwa hadharani kwa heshima, sioni kwa nini deni la jasho la mtu litajwe mekoni kwa kunong'ona.

Wapo watakaosema kwamba watu wenyewe wamekwisha kumhukumu: mazishi yake yalijaza barabara, na ukumbi wake ulijaa kila Jumamosi, mtu mbaya hapendwi na umati. Hoja hii si ngeni Usukumani. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana nani mwenye dawa kali zaidi. Ikakubaliwa kwamba kila mmoja acheze ngoma na watu wake, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kutokana nao vilitokea vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo huchuana baada ya mavuno, na umati ndio unaoamua. Mwenye klabu alikuwa mrithi wa waganga wale. Dawa yake ilikuwa jenereta na spika, na wachimbaji waliikimbilia kutoka mashimo ya mbali.

Walakini umati washuhudia nini hasa? Washuhudia nguvu ya dawa. Uadilifu wa mganga hauuoni. Aliyeshinda mashindano alithibitisha kwamba watu walimfuata, hakuthibitisha kwamba aliwagawia haki waliompigia ngoma. Tena desturi ile ile ya ngoma ina funzo la pili. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hakuajiriwa kusifu tu. Manju husifu na manju husuta, na watu humsikiliza kwa sababu afanya yote mawili. Wimbo usiosuta kamwe hupoteza nguvu ya kusifu, kwa maana msikilizaji hajui tena kama sifa ile imetolewa kwa kustahili au kwa kulipwa. Tukimkumbuka mwenye klabu kwa sifa tupu tunamnyang'anya thamani ya sifa zake za kweli.

Basi na tuanze na tunachodaiwa naye, maana hicho nacho ni kikubwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nikiulizwa Kiswahili kilienezwa na nani katika machimbo, sitajibu kwa shule peke yake. Kilienezwa na ukumbi. Mtu aliyefika kutoka kijijini akisema Kisukuma au Kiha peke yake alijifunza maneno ya mapenzi, ya ugomvi na ya msamaha kwa kuyaimba pamoja na spika. Baba alikuwa akiniambia kwamba wachimbaji waliokuwa hawajui kusoma waliweza kukariri wimbo mzima, ubeti kwa ubeti, na kubishana usiku kucha juu ya maana ya neno moja. Huo ulikuwa uhakiki wa fasihi, ijapokuwa ulifanyika kati ya chupa.

Na nyimbo hizo zisingekuwako pasipo watu wa namna yake, watu wanaonunua vyombo. Mwaka 1959 Iddi Nhende alianzisha Western Jazz mjini Dar es Salaam, bendi iliyobeba jina la Jimbo la Magharibi, ambalo Kahama ilikuwa mojawapo ya wilaya zake wakati huo. Nyimbo za bendi ile zingali zinapigwa. Wanaozipenda ni wengi, lakini wanaolijua jina la aliyenunua magitaa ni wachache. Ndivyo ilivyo bahati ya mwenye vyombo: sauti ni ya mwimbaji, nao wimbo huruka ukamwacha. Kumkumbuka mwenye klabu kwa hiyo ni kusahihisha dhuluma moja ndogo ya kumbukumbu. Alimpa mchimbaji mahali pa kuvaa shati jeupe. Si jambo la kudharauliwa kwa mtu aliyeshinda mchana gizani, akikohoa vumbi la karasha, pasipo kujua kama duara litamtoa hai.

Tukishakiri hayo, twaweza kuutazama upande wa pili wa daftari. Palikuwa na mshahara usiolipwa. Palikuwa na mchimbaji aliyeuza dhahabu yake asubuhi na usiku akaimaliza yote, akarudi kwa mkewe kijijini na kaseti moja. Palikuwa na maradhi. Miaka ile ukimwi ulikuwa ukiingia kila mahali palipokuwa na fedha ya ghafula na watu walio mbali na kwao. Utafiti uliofanywa mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994, wakati Geita ilipokuwa bado wilaya ya mkoa huo, ulionyesha kwamba kutibu vema magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizo mapya ya virusi kwa kadiri ya asilimia 40. Maana yake ni kwamba maisha ya wengi yangaliweza kuokolewa kwa dawa za kawaida na kwa neno la wazi. Wasichana waliouza bia ndio waliokuwa karibu zaidi na hatari, na ndio waliokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kukataa.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kuulaumu ukumbi kwa kila ovu lililofanyika karibu na ukumbi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, aliyekufa Dar es Salaam mwaka 2010, alitunga wimbo wa kuwahimiza watu wajikinge kwa mipira, Mambo kwa Soksi. Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Ulisikika katika kumbi za dansi na katika kaseti. Neno ambalo mahali penye heshima paliona haya kulisema, mahali pasipo heshima palilisema. Kwa hiyo ukumbi ulikuwa mlango wa hatari na pia ukumbi huo huo ulikuwa mimbari ya onyo, na mtu mmoja ndiye aliyekuwa na funguo.

Je, muuzaji hulaumiwa kwa ulevi wa mnunuzi? Wengine husema la: mnunuzi ni mtu mzima, hakuna aliyemshika mkono. Nami nasema kwamba muuza visu halaumiwi kwa jeraha asilolijua. Lakini muuza visu anayemnolea mtu aliye katikati ya ugomvi ana sehemu yake katika jeraha. Lawama hukua pamoja na ujuzi. Mwenye klabu alijua nani alikuwa ameuza mawe siku ile, alijua nani alikuwa na watoto, na alijua msichana yupi alikuwa akilia nyuma ya jenereta. Hatumdai zaidi ya alivyojua. Twamdai kwa kadiri ya alivyojua.

Naye ana utetezi, na haki yataka utajwe. Mwaka 1996 alifukuzwa kama wengine. Ukumbi wake ulibomolewa. Nilipomweleza dereva yule maneno ya mama wa mekoni, alinijibu: "Mwalimu, lori lilikuwa dogo, na muda ulikuwa mfupi." Naamini lilikuwa dogo. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu kwa siku chache hushika kilicho karibu na mkono. Lakini hata katika lori dogo mtu huchagua, na uchaguzi wake huonyesha alichokihesabu kuwa mali na alichokihesabu kuwa mzigo. Kuonewa kwake na wenye nguvu kunaeleza kwa nini alitenda vile, wala hakufuti kwamba naye, katika saa ile ile, alikuwa mwenye nguvu mbele ya wengine.

Siku ya tatu mzee wa ukoo alisimama akatangaza juu ya madeni. Alijitokeza mwenye duka la saruji. Alijitokeza mtu aliyedai bei ya kreti za soda. Madai yao yaliandikwa katika daftari. Mzee akauliza tena, na tena. Nilimtazama mama yule. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akitazama chini. Hakusema. Nami niliyejua sikusema. Kisha mzee akauliza kama yuko anayedaiwa na marehemu. Hapo nilipaswa kusimama kwa sababu yangu mwenyewe, na sikusimama. Tulikula wali, tukatawanyika.

Miezi miwili baadaye nilirudi Kahama nikamwendea mtoto mkubwa wa marehemu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, liko deni halikuandikwa." Aliniuliza ushahidi uko wapi. Nikajibu kwamba sina, ila liko deni jingine lenye ushahidi, nami ndiye shahidi: ada yangu ya mwaka 1995 sijailipa. Nikamwomba ruhusa niilipe, si kwake, bali kwa mama yule, ili deni langu kwa baba yake lilipe deni la baba yake. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Fanya uonavyo, kaka, lakini usiseme kwamba baba alikuwa mwizi." Nikamwahidi, na ahadi hiyo naitimiza hapa: hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyempa mmoja kwa mkono mkunjufu na kumnyima mwingine kwa mkono ule ule.

Nilimkuta mama yule nyumbani kwake. Alizipokea fedha, akazihesabu polepole, akazifunga katika pindo la khanga. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Hii ni ya miezi saba. Na ya lori je?"

Sikuwa na jibu, wala sidhani kwamba lipo jibu la fedha. Deni la kuachwa njiani halilipwi kwa noti. Kitu pekee tunachoweza kumpa aliyeachwa ni kusema kwamba aliachwa, na kulisema hapo hapo tunapomsifu aliyemwacha, pasipo kulifanya moja kufuta jingine. Marehemu alinisomesha, na marehemu hakumpakia. Mambo yote mawili ni yake, na mtu aliyezikwa na nusu ya mambo yake hakuzikwa mzima.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji jambo dogo. Siku nyingine mzee asimamapo kutangaza juu ya madeni ya marehemu, na tumwombe apige hatua chache, akatangaze na mekoni.